Wosia wa Kapteni Zarandona

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mji wa San Gaspar utakuwa na mababu rasmi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na mababu wake kiholela, bila fomu wala mhuri, na matokeo yake yanaonekana: mji unatimiza miaka mia tatu huku ukinuka vitunguu.

Maneno hayo niliyaandika mimi, Katibu wa Tume ya Kuratibu Nasaba, na nayatetea hadi leo. Tume iliundwa na meya wetu, Don Leovigildo Zarandona, wa ukoo wa Kapteni Zarandona aliyeuanzisha mji. Nyumba ya meya inatazama uwanja. Kila asubuhi alipofungua dirisha, moshi wa Doña Ubaldina Potosme, aliyeuza kwenye kona ya uwanja nacatamal, yaani unga wa mahindi na nyama uliofungwa majanini na kuchemshwa, ulimwingia chumbani ukakaa kama mgeni asiyeaga. Mtu wa nasaba hawezi kuandaa sherehe ya miaka mia tatu huku nguo zake zikinuka mafuta ya nguruwe na majani ya mgomba.

Ndipo ikatoka Amri, na ndani yake Kifungu cha Nne: mtu, familia au kitu chochote kinachokaa ukingoni mwa uwanja, kisipothibitisha kwa kitabu cha ubatizo na kwa wosia kwamba haki yake imetoka kwa mwanzilishi wa mji, kiondoke ndani ya siku nane. Hayo maneno “au kitu chochote” niliyaongeza mwenyewe. Kanisa lilijaza fomu. Njiwa walipewa msamaha wa muda.

Don Leovigildo alikuwa wa kwanza kuomba, ili atoe mfano. Alileta mti wa ukoo uliochorwa na fundi wa Granada, wenye mizizi, matunda na ndege, na shinani, kama mwana wa Kapteni, pameandikwa: Sebastián Zarandona, alibatizwa 1731. Nilimpitisha kwa dakika nne, salamu zikiwemo. Wosia, alisema, angeuleta baadaye.

Wa pili alikuwa Doña Ubaldina. Alikuja na aproni yake, akaketi kabla sijamkaribisha.

“Mama, una wosia?” nikamuuliza.

“Wa nani? Bibi yangu aliacha chungu. Ndicho napikia.”

“Chungu si waraka.”

“Chungu kinashika maji, baba. Karatasi zako zinashika?”

Nikamweleza kwa upole kwamba akishindwa kuthibitisha, kibanda chake cha kona kitavunjwa Jumatatu inayofuata. Hapo utani ukamtoka usoni. Kona ile ndiyo iliyowasomesha wanawe watatu, na hakuwa na nyingine.

“Mimi ni wa Gertrudis,” akaanza, akihesabu kwa vidole. “Gertrudis wa Nicolasa. Nicolasa wa Paula. Paula wa Bernarda…” Akaenda hivyo hadi Juana wa Ana, tisa bila kujikwaa. Kila Siku ya Marehemu, alisema, huwawashia mshumaa mmoja mmoja, na akimruka yeyote humjia ndotoni amenuna.

Nikaandika kwenye fomu: Mwombaji anadai kuwa na mabibi.

Paroko, Padre Anselmo, aliitwa aje na vitabu vyake vya ubatizo. Parokia ina viwili vya zamani, kimoja cha watu wakubwa na kimoja cha watu wengine. Meya alikuwa ameelekeza tupekue cha kwanza tu, ili kuokoa muda. Padre, ambaye ni mzee na hana haraka, akafungua cha pili. Mabibi wote tisa walikuwamo, kwa mpangilio uleule. Kwenye ubatizo wa Juana paliandikwa: Mama, Ana Potosme, mpishi. Baba, anajulikana.

“Anajulikana na nani?” nikauliza.

“Na mji mzima, nadhani,” alisema Padre. “Sasa mnataka wosia. San Gaspar ina wosia mmoja tu wa mwanzilishi.”

Nao ni ule wa Kapteni, unaobebwa kwenye maandamano kila mwaka juu ya mto mwekundu wa kitambaa. Sote tumeubusu utepe wake tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kuufungua.

“Wosia ule ni wa kubusiwa, si wa kusomwa,” alisema meya.

“Mheshimiwa,” nikamkumbusha, “hata fomu yako bado haina wosia.”

Nakiri hapo bidii yangu ya kazi ilinizidi. Don Leovigildo akajinyoosha. “Fungueni basi. Babu yangu hana cha kuficha.”

Siku ya saba tukakutana ukumbini. Akina mama wa uwanjani walijaa madirishani. Padre akakata utepe, akasoma.

“Sikuoa kamwe, wala sina mtoto wa ndoa.”

Meya akakohoa.

“Kwa kuitua dhamiri yangu, nakiri watoto kumi na wanne.” Akawasoma mmoja mmoja na mama zao: mfuaji, muoka mikate, mshonaji. Kila jina lilipotajwa dirisha moja lilipiga kelele, “Huyo wetu!” Kisha: “Juana, niliyezaa na Ana Potosme, mpishi wangu. Namwachia yeye na uzao wake kona ya uwanja, wauze chakula maadamu moto unawaka.”

Doña Ubaldina alijifunika uso kwa aproni akalia waziwazi. Mimi pia nilipata vumbi machoni.

“Na Sebastián?” alisema meya. “Msome Sebastián, Padre.”

Padre akafuta miwani, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Sebastián, aliyeachwa mlangoni kwangu ndani ya kapu la maharage, sijui ni wa nani. Nimempa jina langu kwa kukosa jingine. Yeye na uzao wake wapewe chakula, na nafasi mlangoni mwa jiko, maadamu wana adabu.”

“Maharage mabichi au makavu?” dirisha moja likauliza.

“Katibu,” meya akaninong’oneza, “futa Kifungu cha Nne.”

“Kimeshapigwa mhuri, mheshimiwa. Na ni wewe uliyesaini.”

“Basi futa huo wosia.”

“Tumeubusu karibu miaka mia tatu.”

Siku ya nane, kwa mujibu wa sheria, fanicha za Don Leovigildo zilitoka nyumbani kwake, na mti wa ukoo ukatangulia. Alibaki kando ya uwanja ameshika kofia, hadi Doña Ubaldina alipomwita.

“Umekula, mwanangu?”

“Bado, mama.”

“Njoo ukae. Babu yako kuachwa mlangoni halikuwa kosa lake. Wewe kutaka kutufukuza sisi, hilo ni lako.” Akamsogezea kigoda karibu na meko, upande unaoelekea moshi, akamfungulia nacatamal na kumpa kahawa.

Lilibaki suala la kisheria: nani atapima adabu inayotakiwa na wosia? Tume ilikaa na kumteua Doña Ubaldina kuwa mpimaji pekee. Taarifa yake ya kwanza aliitamka huku akikunja majani ya mgomba, nami nikaiandika na kuipiga mhuri: “Ameosha sahani mbili. Tutaona kesho.”