Uchafu Kwenye Ngazi ya Elektroni

Jumatatu, 3 Machi

Kamati ya uzamivu chuoni inakaa Ijumaa. Ikiniongezea mwaka wa masomo, mke wangu atakataa uhamisho kwa mara ya tatu na tutabaki pamoja. Isiponiongezea, Jumamosi anahamia shule mpya, mwendo wa siku nzima, na binti yetu anakwenda naye. Amesema hivyo kwa upole huku akisahihisha madaftari. Afadhali angefoka.

Miaka sita nachunguza molekuli yenye umbo la ngazi. Nguzo mbili, vidato katikati, elektroni zinapita kutoka mwisho huu hadi ule. Pembeni mwa nguzo naweka atomu ngeni, yaani uchafu, na kompyuta inahesabu umeme uliopita. Uchafu ukiongezeka, umeme upungue. Hata mtoto wa chekechea anajua. Grafu yangu inashuka vizuri, halafu uchafu ukizidi sana, inapanda tena. Inapanda! Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi

Nimehesabu upya mara nne. Inapanda. Profesa anayenisimamia alisema tangu mwanzo nimletee kila ninachokipata, hata kibovu. Rahisi kwake, yeye haendi mbele ya kamati.

Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, anayefuta kibodi yake kwa kitambaa kila asubuhi, naye atasimama mbele ya kamati Ijumaa. Nikamwambia, kwa sauti ya kaka mkubwa, kwamba nina grafu siihitaji, aitumie akipenda. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sisi ni ndugu, hatunyimani. Ataingia mkenge mzimamzima.

Jumatano, 5 Machi

Grafu nzuri bado sina. Nikapata akili. Nguzo moja ikiziba, elektroni huvuka kwenye kidato na kupitia nguzo ya pili. Basi nitasema ngazi yangu haijali uchafu kabisa. Kwenye faili, mahali pa nguvu ya uchafu, nikaandika sifuri. Safu nzima. Mke wangu akauliza mbona natabasamu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ijumaa, 7 Machi

Mtahini mgeni, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akauliza kwa nini mstari wa ngazi chafu na ule wa ngazi safi inalingana mpaka tarakimu ya kumi na mbili. Nikasema huo ndio uimara. Akaomba nifungue faili, akaiona safu ya sifuri. Hakuna aliyecheka. Profesa alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha Miwani. Grafu ileile, inashuka, inapanda. Ameihakiki kwa njia tatu: uchafu wa pembeni ukizidi sana, ngazi hujitenga nao, elektroni zikapita zikiwa huru. Mtahini alisimama kuitazama kwa karibu. Miwani akanishukuru mbele ya wote. Profesa akaniuliza taratibu kwa nini sikumpelekea yeye.

Hawakuniongezea hata wiki. Nyumbani nikamwambia mke wangu nimeongezewa mwaka. Akakaa kitini akalia kwa furaha, kisha akampigia simu afisa elimu akaukataa uhamisho.

Jumamosi, 8 Machi

Miwani alikuja asubuhi kunipa pole. Aliyemfungulia mlango ni mke wangu.

Hakufoka. Akampigia afisa tena, akaomba radhi, akafunga mizigo. Aliniuliza swali moja tu, kama kuna jambo lolote nililowahi kumwambia kama lilivyo. Nikajibu haraka kwamba yapo mengi. Akaniomba nitaje moja. Basi liliondoka saa sita. Binti yetu alikuwa amelala begani kwa mama yake, sikumuaga. Nimelia, naandika wazi.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba kimya. Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona. Sifuri! Ningeweka hata nukta sifuri sifuri moja, mistari ingeachana kidogo, na yule mama asingeuliza kitu.

Nimeanza kumwandikia mke wangu barua. Nimemweleza kwamba kamati imegundua ilikosea, inaniita Jumatano, kwa hiyo asimwandikishe mtoto shule huko.