Mbuzi wa Mkurugenzi

Jattani Kabale,
Bulla Pesa, Isiolo.

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya soda, Nairobi.

Mheshimiwa,

Salaam aleikum. Mimi ni mmoja wa wapakiaji wa kreti uliowaachisha kazi katika depo ya Isiolo, kampuni yako ilipoungana na ile ya maji ya chupa. Nina malalamiko manne.

1. Ulitaabika kimya. Ulituandikia kwamba hasara imekubana, huwezi tena kutulisha. Mbona hukusema mapema? Kwetu Waborana, mtu akiishiwa na mifugo kwa ukame, ukoo humchangia wanyama aanze upya. Tunaiita busa gonofa. Mficha uchi hazai, bwana.

2. Katika dhiki hiyo hiyo, ukaoa hiyo kampuni ya maji. Ya nyumbani kwako siyaingilii, lakini mazizi mawili yakiungana, wachungaji huongezwa. Wewe umeunganisha mazizi ukafukuza wachungaji! Nani alikushauri?

3. Akai, mjane kutoka kijiji cha Burat aliyekuwa akipanga chupa, aliambiwa nafasi yake "imeunganishwa na nyingine". Tumeitafuta hiyo nyingine kila pembe ya depo, haipo. Watoto wake wamefukuzwa shule kwa karo, nao wanaiulizia.

4. Basi sisi tuliofukuzwa tumekuchangia. Mohamud ametoa mbuzi jike mwenye mimba. Kinanu, ambaye ni Mmeru na desturi hii si yake, ametoa beberu. Mimi nimetoa yule anayewapa wanangu maziwa. Wako kwangu wiki ya pili sasa, wamekula hadi shuka la jirani, na wewe huji kuwachukua. Hiyo ni dharau, na imeniuma. Ukija, uwachunge mwenyewe, na usimpunguze hata mmoja eti kwa marekebisho ya muundo.

Nisalimie mama watoto, wanabodi wote, na yule kijana wa kompyuta aliyechagua majina yetu. Mwambie hatuna kinyongo bado.

Ni mimi, ninayekuhurumia,
Jattani Kabale

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, binti yangu Ikra amenionyesha kwenye simu picha yako ukikata keki, ukisema kampuni haijawahi kupata faida kama ya mwaka huu. Kumbe zizi limejaa! Kwetu, mwenye zizi lililojaa hachangiwi, huchanga. Mbuzi wote tumempa Akai. Sasa tunangoja wa kwako.