Mzinga wa Nyuki Wasiouma

Jumamosi, 1 Februari

Magoti ya mama mkwe yamegoma. Ametangaza leo mbele ya familia nzima, ameketi, miguu kainyoosha juu ya kigoda. Ile mizinga sita nyuma ya nyumba yake hawezi tena kuiinamia, kwa hiyo itapewa mkwe mmoja. Wakwe wa kiume tuko wawili. Mimi, mchora mabango, na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Huyo ni mwalimu wa sayansi. Hajawahi kupiga chafya bila kueleza sababu yake.

Masharti ni haya: kila mmoja anatunza mzinga mmoja kwa wiki mbili. Mimi wa tatu, yeye wa nne. Jumapili ya tarehe 16 mama mkwe ataifungua mwenyewe. Ambaye nyuki wake watakuwa wametulia na kazi yao imenyooka, anachukua yote sita. Akatupatia na maelekezo marefu. Mwanyumba akayaandika kwenye daftari lenye mstari mwekundu pembeni. Mimi niliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeyajua.

Nimekuwa mkwe wa nyumba hii miaka kumi na mmoja. Mama mkwe hajawahi kuniomba ushauri hata wa kupigilia msumari. Mwanyumba huulizwa mpaka habari za mvua. Inaniuma. Asali sina haja nayo. Nataka siku moja tu mama mkwe aseme, ngojeni kwanza tumsikie mkwe wangu mkubwa.

Tatizo ni dogo: naogopa nyuki. Kwa bahati nzuri hakuna anayejua.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu kaniuliza nitawezaje, na nyuki ninavyowaogopa.

Jumapili, 2 Februari

Kazi imeanza. Nimeupaka mzinga wangu rangi ya buluu, ile ya mafuta ninayochorea mabango. Saa sita mchana, jua kali, nyuki wote kazini. Nilidhani watafurahi wakirudi.

Miiba saba. Miwili sikioni!

Mama mkwe alinitazama kutoka barazani, kisha akaniita na kunieleza kwa upole kwamba rangi mbichi huwaudhi. Tena nyuki mmoja akichoma huacha harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kusaidia. Akauliza nina nini mfukoni. Nilikuwa na ndizi mbivu mbili za kujipa nguvu.

Mwanyumba hakuchomwa hata mara moja. Alikuwa anapima mzinga wake kwa rula.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya maana sana maishani mwangu.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka mzingani, kwa ukaguzi, nyuki mmoja akatua mkononi mwangu. Mnene, macho makubwa kama amevaa miwani. Nikafumba macho nikingoja. Kimya. Nikafumbua. Bado yuko, anatembeatembea kama mgeni aliyekuja kusalimia.

Nikamwita mwanyumba. Akasema huyo ni dume, na dume hana mwiba. Wanaochoma wote ni majike, wale vibarua wanaotafuta chakula, wanaolinda mlango, wanaofagia na kulea watoto. Dume hafanyi hata moja kati ya hayo. Hukaa, hulishwa, mchana huruka kidogo kumtafuta malkia wa mzinga mwingine. Akimpata anampanda na kufa papo hapo. Nikamwambia kumbe yuko nyuki mwenye heshima zake. Mwanyumba akaandika kitu kwenye daftari.

Usingizi haunijii kwa furaha. Mzinga wa madume watupu! Mama mkwe anaufungua tarehe 16, hakuna hata mmoja anayechoma, tunaingiza mikono kama tunanawa. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili? Watu wavivu.

Alhamisi, 6 Februari

Unyama! Nimefika mizingani nikakuta majike wanawaburuta madume nje, wamewashika mabawa, wanawabwaga chini. Wakijaribu kurudi wanasukumwa. Mke wangu alikuwepo, anawawekea nyuki maji kwenye sinia lenye kokoto ili wasizame. Akasema ni kawaida. Kiangazi kimekaza, maua machache, chakula kidogo, kwa hiyo wasiofanya kazi wanatolewa. Alisema bila huruma yoyote, huku akinitazama mimi.

Nimeokoa arobaini na mmoja. Nimewaweka kwenye boksi la viatu, nimetoboa matundu, nimewatilia maji ya sukari kwenye kifuniko cha chupa. Hawa ndio mbegu ya mzinga wangu.

Ijumaa, 7 Februari

Wamebaki ishirini na tisa. Hawajui kujihudumia hawa! Wameyazunguka matone ya maji ya sukari wanangoja kupelekewa mdomoni. Nimewalisha mmoja mmoja kwa brashi namba mbili kuanzia asubuhi. Mwenye duka la dawa alikuja kuchukua bango lake, nikamwambia angoje, nina wagonjwa. Dume mmoja akatua puani mwake. Nikampigia kelele asiogope, hana mwiba. Hakungoja maelezo. Bango bado liko hapa.

Mke wangu ameuliza sukari ya nyumba inakwenda wapi. Nimesema sijui.

Jumatatu, 10 Februari

Ufumbuzi umepatikana, tena mdomoni mwa mwanyumba mwenyewe!

Mama mkwe alikuwa anasikitika kuhusu mzinga wa sita. Malkia wake amekufa wiki iliyopita na hakuacha hata yai moja. Mwanyumba akaanza somo. Malkia hatawali, kazi yake ni kutaga tu. Yai alilolirutubisha hutoka jike, asilolirutubisha hutoka dume. Mzinga ukikaa bila malkia, mwishowe vibarua huanza kutaga wenyewe, na kwa kuwa hawajapandwa, watoto wote hutoka madume. Hapo mzinga umekwisha, akasema, na mama mkwe akashika tama.

Wao wanalia, mimi nimebaki nimeshika kiti nisiruke. Madume watupu! Kinachotakiwa ni kumtoa malkia, basi. Sikuuliza huchukua muda gani. Maswali mengi humfanya mtu ashukiwe.

Saa kumi walipoingia ndani kunywa chai, nikaenda kwenye mzinga wangu. Mashati matatu, chandarua kichwani, glavu za rangi. Nikafukiza moshi wa majani makavu kama tulivyoelekezwa, na kweli, nyuki wakiona moshi hudhani kuna moto, wanakimbilia kujaza matumbo asali, wanakuwa wazito wa kugombana. Nikainua ufito mmoja mmoja, sega linaning'inia chini yake limejaa nyuki. Kwenye ufito wa saba nikamwona. Mwili mrefu, mabawa mafupi, amezungukwa na vibarua wote wamemwelekea yeye, wanamlisha na kumpangusa. Nilijiona mwizi. Kisha nikamkumbuka mwanyumba na rula yake, nikamtia malkia kwenye kasha la kiberiti.

Miiba kumi na tisa. Yote ndani ya chandarua.

Kiberiti nimekificha sandukuni chini ya suruali za sikukuu. Nimemwekea madume watano asiwe mpweke.

Jumanne, 11 Februari

Kiberiti hakipo! Nimepekua sanduku lote, nimekung'uta kila suruali. Siwezi kumuuliza mtu. Mke wangu alikuwa anapika na kuimba. Alfajiri alikwenda kwa mama yake mapema kuliko kawaida.

Mzinga nao umeanza kulia. Si mngurumo ule wa kila siku, ni kilio kirefu, kama watu msibani. Mama mkwe aliegemea fimbo yake, akaweka sikio ubavuni mwa mzinga, akaniuliza nimewafanya nini nyuki wake. Nikasema labda wameipenda rangi.

Hakucheka. Alinitazama vile anavyomtazama muuzaji wa samaki waliolala. Nilikula chakula cha mchana bila kukisikia ladha.

Alhamisi, 13 Februari

Nyuki wangu wamekuwa wahuni. Wamemfukuza mleta barua hadi kwenye bomba la maji. Wamemchoma mbuzi wa jirani. Mimi siwezi kukaribia hatua thelathini. Najipa moyo kwamba hizi ni hasira za mwisho za majike kabla madume hawajaanza kutoka.

Kwenye boksi la viatu wamebaki watatu. Mmoja amelala chali tangu jana lakini naamini amepumzika.

Nimechora bango mapema: ASALI YA NYUKI WAPOLE. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Kazi safi kabisa.

Jumamosi, 15 Februari

HABARI NJEMA! Mzinga wa mwanyumba ni mtupu!

Adhuhuri nyuki wake wote walitoka kama moshi, wakazunguka juu ya paa mara mbili, wakaondoka zao. Kumbe alikuwa anaufungua kila siku, asubuhi na jioni, ahesabu vyumba vya sega na kuvipima. Mama mkwe alisema tangu mwanzo kwamba mzinga hufunguliwa mara moja kwa wiki. Liko daftarini mwake, mstari wa nne. Amebaki ameketi pembeni ya mzinga, rula mkononi, hata sababu hana. Nilimpa pole huku nikiuma shavu nisicheke.

Nimebaki peke yangu mashindanoni. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumapili, 16 Februari

Naandika kwa jicho moja. Lingine halifunguki.

Familia nzima ilikuwepo. Mama mkwe aliletewa kiti karibu na mzinga wa tatu. Nikatoa hotuba fupi kuhusu upole. Nikafungua.

Sijui walitokea wapi wote wale. Mwanyumba alikimbia, mdogo wa mke wangu alikimbia, mimi nilifika barazani kabla yao. Waliobaki pale ni wawili tu. Mama mkwe, ambaye magoti hayamruhusu, na mke wangu. Mke wangu akawasha bomba la moshi, akapuliza taratibu, akangoja. Akapuliza tena. Kisha akainua fito kwa mikono mitupu, bila glavu, bila papara, na nyuki wakamwacha. Miaka kumi na mmoja naishi naye na sikujua kama anaweza. Aibu ikanishika mpaka sikio, lile lililosalia bila uvimbe.

Mama mkwe akaniita nirudi. Kwenye sega vilining'inia vitu vinane, virefu, vyenye umbo la karanga zenye maganda. Akaniuliza najua ni nini. Sikujua. Akasema ni vyumba vya malkia. Nyuki wakipotewa na malkia ghafla, na wanayo mayai yake au watoto wachanga kabisa, huchagua baadhi ya watoto hao wa kike, huwalisha tu maziwa ya nyuki, uji mweupe unaotoka vichwani mwa vibarua, mpaka wawe malkia. Hao hawasubiri kuzaa madume. Wanajitengenezea mwingine. Akauliza malkia wangu yuko wapi.

Nikasema huenda amesafiri.

Mke wangu akasema yuko mzinga wa sita. Alimkuta Jumatatu usiku kwenye suruali zangu, akiwa hoi, na madume watano wakingoja awalishe. Alfajiri akampeleka kwa mama yake. Akamtia kwenye kitundu cha waya kilichozibwa kwa sukari ngumu, ili nyuki yatima waizoee harufu yake huku wakila sukari kumfungulia. Ijumaa alianza kutaga. Mzinga wa sita umepona.

Watu wote wakanigeukia. Ikabidi nieleze mpango mzima, madume, boksi, brashi namba mbili na yote. Nikieleza nilitarajia angalau mwanyumba aone lile somo lake nilivyolitumia vizuri. Halafu mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, machozi yanatoka, akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. Nikadhani nimeshinda.

Akajifuta macho, akasema mizinga yote sita ni ya binti yake mkubwa. Alikuwa anatafuta mkwe wakati mfugaji mwenyewe yuko hapo, anawawekea nyuki maji kila siku.

Nilisema hongera. Nilimaanisha. Usiku nimemwomba radhi mke wangu kuhusu malkia. Amesema amenisamehe, kuhusu sukari bado.

Jumanne, 18 Februari

Uvimbe umeshuka. Nimepigwa marufuku kukaribia mizinga kwa hatua ishirini. Mwanyumba ameruhusiwa, bila rula. Dume wa mwisho alifariki asubuhi, nimemzika kwenye chungu cha maua.

Nimekaa chini nikajikosoa kama mtu mzima. Kosa langu limeonekana wazi: nilichagua mnyama asiyefaa. Wazo lenyewe halina kasoro.

Mama mkwe anapenda sana mayai ya bata, lakini hafugi, anasema wanampigia kelele. Nimekwenda kwa mfugaji wa bata, nikachunguza kwa makini, safari hii nimeuliza maswali. Kumbe wanaopiga kelele ni majike! Dume ana kasauti kadogo tu, ka mtu mwenye mafua. Mtulivu kabisa.

Nimechukua kumi na wawili, madume watupu. Wapo uani, kimya, wanapendeza. Nimewatandikia majani makavu pa kutagia. Mama mkwe nimemwahidi trei la kwanza Jumapili.