Chama cha Temeke na Tundu la Paa Langu

Alhamisi, 14 Aprili 1955

Siku kubwa! Nimegundua njia ya kupata gramafoni. Gaudens, jirani yangu na karani mwenzangu bandarini, anayo tangu Krismasi. Kila jioni watu wanajaa barazani kwake. Kwangu wanasimama tu kuuliza kama Gaudens yupo.

Njia yenyewe: Mwalimu Projestus anaanzisha Chama cha Kuweka na Kukopa hapa Temeke. Alitukusanya shuleni akatueleza. Miaka mia iliyopita wakulima wa Ujerumani walikamuliwa na wakopeshaji mpaka wakaamua kuchanga senti zao na kukopeshana wenyewe. Wahindi wa mjini nao wana chao. Je, sisi tutapeleka khanga za wake zetu rehani mpaka lini? Makofi! Mzee Mwishehe, fundi wa makuti, alifuta machozi. Khanga za marehemu mkewe ziliishia huko huko rehani.

Mie nilikuwa nachagua santuri.

Kutakuwa na kamati ya mikopo. Nitakuwa mwenyekiti wake. Nitajikopesha!

Jumapili, 17 Aprili

Uchaguzi. Nilinunua hisa sita ili nipate kura sita. Mwalimu akatangaza kwamba kila mtu ana kura moja, awe na hisa moja au mia. Mambo gani haya! Nikageukia mpango wa pili: chai na vitumbua kwa wapiga kura. Walikula wote, wengine mara mbili, wakanishukuru kwa moyo. Kisha wakamchagua Bi Atuganile, mshonaji.

Nimepata kura mbili. Moja ni yangu. Benedicta, mke wangu, anaapa ya pili si yake.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Atuganile kuomba shilingi mia mbili. Akauliza za nini, pini zimejaa mdomoni. Nikaona neno gramafoni halitapendeza. Nikasema paa linavuja, watoto wanalala majini. Alinihurumia mpaka nikaanza kujihurumia mwenyewe. Akasema kamati itakuja Jumatano kuliona.

Kuliona! Paa langu jipya kabisa. Mzee Mwishehe mwenyewe aliliezeka Agosti.

Jumanne, 19 Aprili

Benedicta alipokwenda sokoni nikapanda juu. Lengo: tundu dogo juu ya stoo. Shida: ukiwa juu ya paa, vyumba huvioni. Nimetoboa juu ya kitanda. Kisha nikateleza, mguu mzima ukazama, kiatu kikaanguka ndani.

Benedicta amerudi, amekuta anga chumbani. Nimemwambia ni upepo. Ameuliza ni upepo gani huo unaovaa namba tisa.

Jumatano, 20 Aprili

Mvua! Masika nzima ya Temeke imeshuka juu ya godoro langu. Kamati ilipofika sikuhitaji kusema uongo hata mmoja. Machozi yalikuwa ya kweli.

Bi Atuganile akasema hali hii haiwezi kungoja karatasi za mkopo. Akaita watu. Wakaja wanachama kumi na wawili, hata Gaudens, na Mzee Mwishehe mbele yao na mzigo wa makuti.

Nikamwamkia, “Shikamoo, Mzee.” Alitazama tundu. Akatazama mikwaruzo mikononi mwangu.

“Marahaba,” akasema. “Panya wa mwaka huu wana vidole.”

Nilingoja aniumbue mbele ya kamati nzima. Aliniamuru tu nishike ngazi, mvuani, mpaka kazi iishe.

Gaudens akaleta gramafoni chini ya mwavuli ili watu wafanye kazi kwa raha. Walicheza ngazini! Benedicta akapika sufuria kubwa la uji. Nyumba yangu haijawahi kujaa watu namna hiyo. Kwa saa mbili nilisahau kabisa kwamba nina mpango.

Malipo? Hakuna aliyetaka hata senti. Bi Atuganile akaniaga kwa furaha: paa limekwisha, mkopo wa nini tena?

Jumamosi, 23 Aprili

Benedicta ameniuliza, “Baba Margareta, umejifunza lolote?”

Nimejifunza sana! Usiku kucha nimechambua chama kile, nikaona kasoro yake iko wapi. Ni kule kuweka. Kuweka ndiko kunakowachosha watu. Basi leo nimefungua changu: Chama cha Kukopa. Mwenyekiti mimi, kamati mimi. Mpaka saa sita mchana nimeandikisha wanachama tisa, wote wenye ari, wote wanataka kukopa leo leo.

Benedicta ameuliza fedha zitatoka kwa nani.

Mwanamke huyu hajui taratibu za vikao. Nimemwambia hilo litajadiliwa mwishoni, kwenye mengineyo.