Nani Atanitoza Kodi?

Jumapili, 25 Januari 2026. Ibra, Oman.

Leo nimegundua mali! Mie Nasr, niliyeacha skuli kwa sababu walimu walinionea wivu. Nimekuta ukurasa wa Kimarekani kwenye simu, simu yenyewe ikanitafsiria: ukinunua gari mpya ya dizeli isiyokunywa mafuta mengi, serikali inakupunguzia kodi. Yaani fulusi zinarudi! Nimesoma nusu. Nusu inamtosha mwenye akili.

Shangazi Ghaniya anapikia kambi za watalii huko Al Mintirib, mchanga wa jangwa unapoanzia. Biriani, sambusa, mikate ya kumimina. Gari yake ya petroli kongwe, inakunywa kama ngamia aliyetoka safari. Rafiki yangu Kudura anauza magari, ana pikapu mpya ya dizeli. Ikipita mkononi mwangu, udalali wangu. Na dereva atakuwa nani? Sijasema kitu.

Nikamwamkia shangazi shikamoo kwa adabu isiyo ya kawaida. Akasema marahaba, haya, unataka nini? Nikamweleza kama waziri. Akasema atafikiri.

Jumatatu, 26 Januari.

Amekubali! Atauza bangili za marehemu mamaake, zile alizotoka nazo Unguja. Tangu arusi yake hazijamtoka mkononi. Alhamisi tunakwenda kwa sonara.

Akaniuliza, Nasr mwanangu, una hakika? Nikamwambia hakika mie ndiye niliyeizaa. Serikali ikirejesha, tutanunua bangili nyengine, nzito zaidi. Akazizungusha kidogo, akasema uzito si hoja. Sikuelewa. Dhahabu hupimwa kwa nini, kama si kwa uzito?

Jumanne, 27 Januari.

Siku mbaya. Kaja Arwa, mtoto wa ami yangu, anafanya kazi ya hesabu Nizwa na hakosi kulitaja jambo hilo. Nikamwonesha ukurasa ili aumie. Yeye kausoma wote! Watu wengine hawana haya.

Kacheka mpaka kahawa ikampalia. Kwanza, sheria hiyo ya Marekani. Pili, muda wake ulikwisha weye ukinyonya. Tatu, hata huko hupewi fulusi mkononi: unapunguziwa ile kodi ya pato unayodaiwa. Na hapa kwetu nani anakatwa kodi kwenye mshahara? Kuomba upunguziwe kodi usiyotozwa, anasema, ni kama mtoto mchanga kuomba ruhusa ya kutofunga Ramadhani.

Nikamjibu mie kodi nalipa, kila nikinunua soda nakatwa! Akasema hiyo ya kununua, hii ya pato, na weye pato lenyewe huna. Wivu tu. Kisha akanikazia macho: mwambie shangazi kabla ya Alhamisi, asije akaziuza bangili bure. Nikamwapia nitamwambia mwenyewe.

Nimekaa nikafikiri. Marekani si hoja, serikali zote ndugu. Muda si hoja, muda huongezwa. Tatizo moja tu: sitozwi kodi. Basi nitozwe!

Jumatano, 28 Januari.

Nimepanda na Kudura mpaka Nizwa, ofisi ya kodi. Nikamwambia karani nataka kutozwa. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akawaita wenziwe, nikarudia tena. Wakauliza nina kampuni? Nikasema tuko wengi, ukoo mzima. Pato? Udalali, uko njiani.

Wakanikalisha, tende na kahawa. Mkubwa wao kanimiminia kwa mkono wake! Akasema tangu aanze kazi watu huja kumlilia awapunguzie. Wa kwanza kumlilia amwongezee ni mie. Akaniombea dua, akanisindikiza hadi mlangoni. Kukataliwa kwa heshima namna ile si kukataliwa.

Njiani nimefikiri, jambo geni kwangu. Barabara hii laini nani kailipia? Na hospitali, na ile skuli niliyoitoroka? Zaidi ni mafuta ambayo nchi inayauza. Mafuta yale yale ninayotaka shangazi asiyanunue sana ndiyo yaliyotulea. Nikaona kichwa kinauma. Kudura akasema nifikiri na mdomo nimeufunga, nzi wataingia.

Kwa shangazi sijasema kitu. Kesho ndiyo Alhamisi.

Alhamisi, 29 Januari.

Kwa sonara. Bangili zikakataa kutoka. Sonara akaleta sabuni, zikatoka moja moja kwa taabu. Pale zilipokuwa pamebaki weupe mwembamba, mkono kama wa mtoto. Sijawahi kuuona mkono wa shangazi bila kitu.

Zikawekwa kwenye mizani. Shangazi anatabasamu, anamwambia sonara huyu mtoto wa kaka yangu humjui tu, ana akili ya serikali. Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikasema, shangazi, kodi yenyewe hatulipi, hakuna kitakachorudi.

Sonara akaangalia feni.

Akauliza nimejua lini. Nikasema juzi, lakini nilikuwa naitafuta kodi, nimeikosa kidogo tu. Akazichukua bangili, akazivaa. Kuingia ziliingia bila sabuni.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Njia nzima kaniuliza kitu kimoja tu: Kudura hajambo? Kumbe habari ya udalali alikuwa nayo, na juu ya hivyo aliniamini. Nikatazama milima mpaka tukafika.

Jumapili, 1 Februari.

Nimeamka mtu mpya. Arwa kaniandikia kwa kejeli: usilie, mwaka 2028 wenye pato kubwa kabisa wataanza kukatwa kodi, kapange foleni sasa. Maskini, hajui alichonipa! Kumbe mpango wangu haukuwa na kosa, ulitangulia tu. Kilichobaki ni shangazi awe tajiri. Aongeze kambi, aongeze wapishi, pato lipande, atozwe kodi nyingi, halafu mie niombe apunguziwe. Nimemwambia Kudura anishikie pikapu.

Nikamwendea shangazi jikoni kumpa habari njema. Alinisikiliza vizuri, sufuria inachemka, macho kwenye wali. Nilipofika kwenye neno kodi akaweka upawa chini, akazifunika bangili kwa mkono wa pili, akazishika hivyo mpaka nikamaliza.

Baridi, nadhani. Asubuhi za Ibra siku hizi zina baridi.