Kasuku Mwenye Mdomo Pembeni

Jumamosi ile nilikuwa na kiatu cha watu mkononi, gundi haijashika, na Redio tayari ameshafungua kinywa. Huyu tulimpa jina hilo kwa sababu hazimwi. Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, mkabala na geti la kiwanda cha nguo, na kahawa anatuuzia Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote hapa ila anatugombeza sote kwa usawa. Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wapo wanaosahau.

"Habari ya leo mmeisikia?" Redio akaanza. "Kiwanda chetu kimeboresha mashine ya kuchapa vitenge. Wameitia macho ya kompyuta. Kitambaa kinapita mbio, macho yanatazama, rangi ikitaka kutoka nje ya mstari inarudishwa papo hapo. Meneja mwenyewe kasema: rangi kuteleza basi, hata upana wa unywele."

Jumla, mwenye duka la vitambaa pale kona, alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. "Kwa hiyo kasuku kapata mdomo?"

"Kapata."

"Maskini. Sasa nani atamtambua?"

Asiyejua habari ya kasuku ni mgeni wa mtaa huu, basi nimweleze. Kitenge cha kiwanda hiki kinachouzika kuliko vyote ni cha kasuku. Kila rangi ina silinda yake, na silinda ya nyekundu ilikuwa na uvivu tangu siku mashine inafungwa. Kijani ya mbawa inakaa sawa, njano ya kifua inakaa sawa, nyekundu ya mdomo inachelewa. Basi kasuku anatoka na mdomo pembeni ya uso, kama kauazima kwa jirani na hajaamua auweke wapi. Mama zetu wamemvaa, wake zetu wamemvaa, hakuna aliyelalamika. Mimi nikikosea sindano moja tu, mteja ananirudishia kiatu na kelele juu. Wao wamekosea miaka nenda rudi na wakasifiwa.

"Hayo ndiyo maendeleo," Redio akasema. "Kuchelewa si kukosa."

"Huo mdomo ulichelewa na ukakosa," nikamjibu.

Tukamwona Wino anakuja. Wino ndiye fundi wa mashine hiyo hiyo, vidole vyake vina rangi ambayo sabuni imeshaikatia tamaa. Ni yeye aliyehangaika na hayo macho ya kompyuta mpaka yakatii. Tulitegemea aje anatembea kifua mbele. Alikuja na mfuko wa nailoni kwapani, akaketi mwisho wa benchi, akausukuma mfuko chini ya miguu.

"Hongera, bwana," Redio akamwambia. "Tumewasikia."

"Niache."

"Mtu anapewa hongera anasema niache?"

"Mwenzenu nimefukuzwa."

Shangazi akaweka birika chini. "Kazini?"

"Afadhali kazini. Ukweni."

Hapo hata mimi niliweka kiatu pembeni. Wino amemposa binti mmoja wa nyuma ya soko, na kusema kweli huyo binti ndiye sababu ya Wino kuanza kuchana nywele. Ilibaki kumridhisha mama tu.

"Jana jioni nilimpelekea kitenge," akasema. "Nimekikata mwenyewe, cha kwanza kabisa tangu mashine itiwe macho. Nikasema mama mkwe awe wa kwanza mjini kumvaa kasuku kamili. Kakipokea vizuri. Kakikunjua. Kakipeleka dirishani, kavaa miwani. Akaniuliza, mdomo uko wapi? Nikamwambia, uko usoni, mama. Akasema, ndicho ninachokuuliza, unafanya nini usoni?"

Jumla alijificha nyuma ya kikombe.

"Cheka tu," Wino akasema. "Yule mama kauza vitenge sokoni tangu binti hajazaliwa. Kwake cha kweli ni mdomo pembeni. Chenye mdomo usoni ni feki ya ng'ambo, maana wale hawajui kukosea. Nikamwambia, mama, kitambaa hiki nimekichapa kwa mikono yangu. Akasema, basi na mikono yako ni feki. Akasema mtu anayeingia kwangu na feki leo, kesho ataniletea mjukuu feki."

"Lakini ana haki," Shangazi akasema.

"Shangazi, na wewe?"

"Mimi ningenunua? Kasuku mwenye mdomo usoni? Nikadanganywe hivi hivi? Mlikuwa na muhuri wenu, mwanangu. Mmeufuta kwa mikono yenu, kisha mnatangaza redioni."

"Ule haukuwa muhuri, Shangazi. Ulikuwa ubovu."

"Ubovu wa kwenu ndio tuliokuwa tunaujua."

Redio akataka kujua kesi imefika wapi. Wino akasema amepewa mpaka leo jua lizame. Asipoleta kitenge cha kweli, kesho anakaribishwa mtu mwingine, yule mwenye duka la simenti, ambaye naye ameonyesha nia.

"Yule wa simenti?" nikauliza. "Viatu vyake nimevishona. Mtu anayekanyaga upande mmoja hivyo si wa kuoa."

"Mama hatazami viatu. Anatazama kasuku."

"Si uende stoo uchukue cha zamani?" Redio akasema. "Mnavyo robota kwa robota."

"Tulikuwa navyo. Meneja kaamuru vikatwe matambara. Kasema ni aibu ya kiwanda. Mashine yenye macho tunaifuta kwa kasuku wa zamani."

Shangazi alitaja kwamba yeye anacho cha zamani kabatini, ila ameshakivaa mpaka kimekuwa laini, na mkwe hapelekewi nguo iliyofuliwa. Wino akashika kichwa kwa vidole vyake vya kijani.

Ndipo Jumla akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye mzigo.

"Mimi ninacho," akasema.

"Una nini?"

"Cha kasuku. Kipya. Mdomo pembeni."

Wino akainua uso polepole. Inafaa mjue kwamba hawa wawili hawakuwa wakipatana. Wino alikuwa na desturi ya kupita dukani kwa Jumla akitoka kazini, ageuze vitambaa, aseme kwa sauti wateja wasikie: mdomo uko usoni, feki hii. Jumla alipoteza wateja wengi kwa ulimi huo, na alikuwa akivumilia kwa sababu ilikuwa kweli.

"Umekitoa wapi?" Wino akauliza.

"Palepale ninapotoa vyote. Wenzetu wa ng'ambo wamechoka kusemwa. Wameboresha mashine. Nayo ina macho."

"Macho ya nini?"

"Yanamlinda kasuku. Mdomo ukitaka kuingia usoni, yanaurudisha nje."

"Kwa hiyo feki imekuwa kama ya kweli," Redio akasema.

"Wiki hiyo hiyo ya kweli ilipokuwa kama feki," Shangazi akamalizia. "Wamepishana njiani, hata salamu hawakupeana."

Jumla akaenda dukani, akarudi na kitenge kimekunjwa vizuri, akakitandaza kwenye benchi langu bila kuniomba ruhusa. Wino akakitazama kama daktari. Akakuna rangi kwa ukucha. Akafuata mdomo kwa kidole. Nyekundu ilikuwa imekaa pembeni ya uso, pale pale mama zetu walipoizoea.

"Mnaona," akasema. "Wameipatia. Mimi nimeisumbukia silinda hiyo ujana wangu wote nikijaribu kuiondolea kosa, wao wamekaa huko wakalijenga upya."

"Kichukue," Jumla akasema.

"Nimpelekee mkwe feki?"

"Jana ulimpelekea cha kweli. Ulipata nini?"

"Njia ya mwongo ni fupi, bwana."

"Ya mkweli ilikuwa fupi zaidi," nikamwambia. "Iliishia mlangoni."

Redio hapo akaanza hotuba. Alisema ukweli haufichiki, kwamba ukianza ndoa na uongo utaimaliza na aibu, kwamba heshima ya fundi ni kazi yake. Alisema vizuri sana, na yeye ana mke na watoto wakubwa, hakuna anayemkagulia kasuku. Wino alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha simu yake ikaita. Alikuwa binti. Alisikiliza, akaitikia "ndiyo" mara nyingi, akakata.

"Anasemaje?" Shangazi akauliza.

"Anasema mama ameshaanza kufagia uwanja kwa ajili ya mgeni wa kesho. Anasema nisimbishie, nilete tu chenye mdomo pembeni. Anasema yeye ananitaka mimi, hamtaki kasuku."

"Basi unangoja nini?"

Wino aliingiza mkono mfukoni alipe. Jumla akamzuia, akasema ni zawadi yake ya harusi. Nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma Wino kuliko yote. Aliondoka na feki kwapani, akipitia ukutani kama mtu aliyeiba, na kile cha kweli akakiacha chini ya benchi, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Tulikunywa kahawa ya pili. Redio akasema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, lakini tulipomuuliza mjinga ni nani kati ya mama, kiwanda na wa ng'ambo, alishindwa kuamua. Wino akarudi. Mama hakuwepo, kitenge kakiacha kwa binti. Akaketi. Redio akamsogezea kahawa yake mwenyewe, na hilo halijatokea tangu nimjue.

Simu ikaita. Wino akatutazama, akaiweka juu ya benchi, akafungua spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekiona." Sauti ya mama ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kulia. "Nimekigeuza, nimekipeleka dirishani. Mdomo uko pembeni kama siku zote. Hiki ndicho. Sasa kile cha jana kilikuwa cha nini?"

Wino akainamia simu. "Nilikuwa nakupima macho, mama."

Jumla akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nilijua," mama akasema, na akacheka. "Nikamwambia binti, huyu kijana hawezi kuwa mwongo, uso wake haukubali. Mimi kwa kitenge hanidanganyi mtu. Nisamehe nilivyokufokea. Na yule wa simenti nimemtumia ujumbe asijisumbue."

"Asante, mama."

"Ila nina ombi. Dada zangu wamekiona, wote wanakitaka kwa harusi. Uwachapie kwa mkono wako mwenyewe, hapo hapo kiwandani. Usije ukaenda kwa yule muuza feki wa kona."

"Siendi, mama."

"Aa, yule mtu simwamini kabisa."

Simu ikakatika. Wino alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na sikujua ni ya furaha au ya nini. Alikuwa amepata mke. Shangazi akamshika bega, akamwambia asilie ovyo, harusi ni jambo la heri.

"Sasa utafanyaje?" Redio akamuuliza. "Mashine yako haikosei."

"Itakosea," Wino akasema. "Jumatatu naenda kwa meneja. Namwambia soko limekataa, mdomo urudi pembeni. Macho yale yale yanaweza kuulinda ukae nje. Ila sikumbuki ulikaa nje kiasi gani. Vya zamani vyote tumevikata, na vya kabatini kama cha Shangazi vimevutika kwa kufuliwa."

"Kwangu vipo," Jumla akasema akiinuka, anajipangusa kahawa gotini. "Njoo upime."

Tukatawanyika, kila mtu na shughuli zake. Jumatatu asubuhi, kabla ya king'ora cha kiwanda kulia, nilipokuwa nafungua kibanda, nilimwona Wino amepiga magoti mbele ya duka la Jumla na rula mkononi. Alikuwa anapima kosa la feki, akaliweke kwenye cha kweli.