Utaratibu wa Kutambuana

Kwa furaha kubwa na tahadhari kubwa zaidi, Jamhuri ya Gandawa, kule Afrika Magharibi, iliwatangazia wananchi wake walio ughaibuni kwamba ujambazi vijijini umekomeshwa. Majambazi wenyewe walikuwa bado wapo na pikipiki zao, ila kisera walikuwa wamekwisha.

Waziri wa Mipaka na Utulivu wa Vijijini aliibeba habari hiyo mwenyewe. Louisville, kule Marekani, alipigiwa makofi, akalishwa mbuzi. Columbus, mbuzi tena. Buffalo, katika ukumbi wa kanisa pale West Side, alikutana na Abdulkarim.

Abdulkarim ni mtu wa Tanga, mpakiaji wa maboksi ghalani. Gandawa aliijua kwa kuoa: mkewe Ramatou anatoka Tamfala, kijiji cha mpakani. Majambazi walikwisha kubeba ng'ombe, wakarudia mabati, kijiji kizima kikatawanyika porini. Aliyebaki ni mama mkwe mwenye goti bovu, amekaa na kifurushi chake penye kizuizi cha mpaka. Anataka kuvuka kwa dada yake ng'ambo, askari wanamkatalia.

"Mheshimiwa," Abdulkarim akasema, kwa Kifaransa alichookota kwa majirani Wakongo, "mwacheni bibi wa watu avuke."

Waziri akatabasamu kiofisi. "Ndugu yangu, mwanakijiji akikimbia, jambazi atamwibia nani? Si atatufuata mjini? Ndiyo maana tukaweka Utaratibu wa Kutambuana. Anayevuka sharti atambuliwe na mtu aliyesimama upande ule anakokwenda."

"Mimi namtambua. Ni mkwe wangu."

"Wewe umesimama Buffalo."

"Na dada yake ni mgonjwa wa kitandani."

"Basi, pole. Tutajuaje kwamba si jambazi? Hata majambazi wana mama wakwe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Abdulkarim naye akacheka. Aliyezoea makonde hujifunza kucheka huku akitafuta jino lake sakafuni.

Ziara ikaisha, waziri akafunga safari ya kurudi. Kwa kuwa mpaka ni mpaka hata ukiwa hewani, alikuwa ameufunga uwanja wa ndege wa kwao. Ikambidi ateremke nchi jirani, amalizie kwa gari kupitia Tamfala.

Ghalani walikuwa mapumzikoni simu ilipolia. Abdulkarim akainuka, akavua kofia, akasimama wima.

"Mkwe huyo!" Chacha, mtani wake, akapaza sauti. "Tazameni nguzo ya umeme! We, kwani anakuona toka huko?"

"Adabu haingoji kuonwa, bwana. Kaa kimya. Shikamoo, Mama."

"Baba," mama mkwe akasema, "ng'ambo ya kizuizi kuna mtu, suti imejaa vumbi, anasema ni waziri. Askari wanasema sura yake wameiona kwenye mabango, lakini bango si mtu. Lazima wa upande huu amtambue, na upande huu niko peke yangu."

Mara simu ikanyakuliwa.

"Mimi Waziri! Mwambie mkweo anitambue!"

Abdulkarim akaketi juu ya boksi, akavaa kofia.

"Mheshimiwa, yule ni mtu mzima mwenye heshima zake. Hawezi kumtambua asiyemtambua. Anza wewe."

"Namtambua! Askari, mnasikia? Huyu ni mama yangu mzazi!"

Sheria ni sheria. Askari wakapiga saluti, wakainua kizuizi, mama mkwe akavuka na kifurushi chake, pole pole, goti na yote. Kizuizi kikashuka.

"Haya, sasa mimi!"

"Nani upande huu anakutambua, Mheshimiwa?" askari akauliza kwa unyenyekevu, akikitazama kijiji. Hata kuku hakuwepo.

Mama mkwe akadai simu yake. Abdulkarim akasimama tena.

"Baba, mtu mzima analia huku. Nirudi nikamtambue?"

"Usirudi, Mama. Hata majambazi wana mawaziri."